Hela ambayo Enid hakuituma

Kitabu kilikuwa juu ya meza ya jikoni, bakuli la uji limekaa juu yake. Binti yangu wa mwisho ndivyo alivyo. Kitabu cha shule kwake ni kitambaa cha kuwekea vyombo. Nilikitoa, nikakifuta, nikakitia mkobani bila kumwuliza, maana usiku ule nilikuwa na zamu na simu yangu haikuwa na chaji. Ndivyo nilivyokutana na Leave Taking, tamthilia ya Winsome Pinnock, ndani ya basi la saa tatu usiku hapa Reading, Uingereza, nikienda kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi mwaka wa kumi na nne huu.

Nilipofika kwenye barua, kituo changu kilinipita.

Barua imetoka Jamaika. Enid, mama wa mabinti wawili anayehangaika London, anaambiwa na ndugu zake kwamba mama yao ni mgonjwa na hela inatakiwa. Enid haamini. Anawajua watu wa kwao: wakiona mtu yuko Uingereza wanadhani pesa inaota mtini, na ugonjwa wa mzee ndiyo hodi inayofungua kila mlango. Basi hatumi. Baadaye simu inalia na mama amekufa.

Niambie ni Mtanzania gani anayebeba boksi huku majuu ambaye hajawahi kuipata barua hiyo. Siku hizi inakuja kama ujumbe wa sauti WhatsApp, dakika tatu, mbili za kwanza ni salamu. "Hamjambo huko? Sisi huku wazima kiasi." Ukisikia hilo neno "kiasi", ujue mkono unatakiwa mfukoni.

Lakini hapa nataka kuandika juu ya elimu katika tamthilia hii. Binti yangu ana daftari lake la somo la Fasihi ya Kiingereza, na humo wamechora jedwali la dhamira: elimu safu hii, familia safu ile, uhamiaji safu nyingine. Barua ya Jamaika wameiweka kwenye familia. Mimi ningeiweka kwenye elimu, juu kabisa, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza kidogo kuhusu kazi yenyewe. Pinnock alizaliwa London mwaka 1961, wazazi wake wametoka Jamaika. Tamthilia hii ilionyeshwa mara ya kwanza Liverpool mwaka 1987, na katika miaka ya 1990 ikapanda jukwaa la National Theatre, ambako yeye anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Mwingereza mweusi kuchezewa tamthilia yake. Mwaka 2018 ukumbi wa Bush, London, uliifufua. Tangu 2023 imo kwenye orodha ya mojawapo ya bodi za mitihani kwa watoto wa miaka kumi na tano, kumi na sita, na ndiyo sababu ilikuwa chini ya bakuli la uji jikoni kwangu. Wahusika ni watano tu: Enid, Del, binti mkubwa, Viv, binti mdogo, Mai, mwanamke wa obeah, yaani mganga wa Kijamaika, na Brod, rafiki wa familia, mlevi kidogo mwenye maneno mengi na mengi yake ya kweli.

Viv ndiye wa vitabu. Anajiandaa kwa mitihani ya kuingilia chuo kikuu na mama anajivunia hadi inakera. Del anapenda muziki na kukesha, anarudi alfajiri, anajibizana, mwishowe ana mimba na nyumba inamshinda, anahamia kwa Mai. Kila familia yetu ina Viv na Del wake. Kwetu Korogwe, Viv nilikuwa mimi. Del alikuwa dada yangu aliyeishia darasa la saba akaenda kuuza vitenge Tanga mjini. Nani kati yetu amejenga nyumba hadi leo? Tuyaache hayo.

Ukimsoma Enid haraka utamcheka. Anampapatikia mchungaji anayekuja kumtembelea, anataka mabinti waseme vizuri, waonekane wana adabu. Shule kwake ni kama ibada, haihoji. Binti yangu aliandika pembeni ya ukurasa, kwa penseli, neno moja la Kiingereza lenye maana ya mtu aliyedanganyika akakubali. Nililitazama lile neno kwa muda mrefu. Mtoto aliyezaliwa hapa ni rahisi kuona hivyo, kwa sababu hajui shule ilikuwa kitu gani kule Enid alikotoka.

Katika visiwa vya Karibi, enzi za ukoloni, shule ya msingi ilikuwepo lakini sekondari ilikuwa ya wachache: wenye ada, na wale watoto wawili watatu walioshinda nafasi ya ufadhili. Iko tamthilia nyingine, kongwe zaidi, ya Errol John wa Trinidad, Moon on a Rainbow Shawl, iliyochezwa London mwaka 1958. Mle uani Port of Spain kuna msichana, Esther, ameshinda nafasi ya kwenda sekondari. Mtaa mzima unamfurahia. Halafu wazazi wanakaa kupiga hesabu, maana nafasi ni bure lakini sare si bure, vitabu si bure. Baba yake, Charlie, aliyekuwa mchezaji wa kriketi mwenye jina, anaiba pesa kwenye mkahawa wa mwenye nyumba wao. Polisi wanakuja. Na kijana jirani yao, dereva, ana ndoto moja tu: kupanda meli aende Liverpool, amwache nyuma mpenzi mwenye mimba.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu. Katika ua ule elimu ya mtoto mmoja inalipiwa na mtu mwingine, na analipa kwa kitu kikubwa: baba kwa jela. Tamthilia ya Pinnock ni ua uleule baada ya miaka thelathini, sasa umehamia London, na anayelipa amebaki upande wa pili wa bahari ambako watazamaji hawamwoni. Bibi wa Viv hajapanda jukwaani hata dakika moja. Tunamjua kwa barua na kwa simu. Viv anasoma kwa mwanga wa taa ambayo bili yake ilikuwa iwe dawa ya bibi yake.

Sisemi Enid ni mbaya. Nasema mfuko ni mmoja.

Mimi mwenyewe, mwaka juzi, mama aliniambia jicho la kulia lina ukungu. Mtoto wa jicho. Daktari kamwambia yote mawili yanahitaji kufanyiwa upasuaji, tuanze na moja. Nilituma ya moja. Ya pili nikasema mwezi ujao, kisha mwezi ule mwingine, maana huku nilikuwa nalipa tuisheni ya hisabati ya huyu wa mwisho, pauni 30 kwa saa, mara moja kwa wiki, na mwalimu halipwi kwa ahadi. Hakuna aliyekufa, nashukuru Mungu. Lakini mama alitembea karibu mwaka mzima akiona nusu ya dunia, na kila nikimpigia aliuliza jambo moja tu, kama mjukuu wake anasoma.

Sasa nije kwenye upande ambao vijana wa Uingereza wanafundishwa zaidi, na wana haki kufundishwa. Shule ambayo Enid anaiabudu haikuwa inawapenda watoto wake.

Watu wa Karibi walianza kuja kwa wingi baada ya vita. Meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury Juni 1948, mwaka uleule sheria ya uraia ilipowatambua watu wa makoloni kuwa raia wa Uingereza na makoloni yake. Kuanzia 1956 shirika la usafiri la London lilifungua uandikishaji palepale Barbados, likawakopesha watu nauli waje kuendesha na kukatisha tiketi kwenye mabasi. Hospitali nazo zikachukua wauguzi. Hapa Reading Wabarbados ni wengi tangu miaka hiyo. Ukipanda basi asubuhi utasikia lafudhi yao kwa wazee. Wengi walikuja na hesabu ya miaka mitano: nifanye kazi, niweke akiba, nirudi. Hesabu hiyo tunaijua sana sisi. Mimi nilisema miwili.

Watoto walipofuata, au walipozaliwa, shule ziliwapima kwa vipimo vya akili vilivyotungwa kwa mtoto wa Kiingereza, kwa Kiingereza cha nyumba za Kiingereza. Mtoto aliyetoka kijijini Clarendon, Jamaika, mwezi uliopita, anayezungumza patwa, yaani Kiingereza cha Kijamaika, aliyeachwa na mama akiwa na miaka mitatu na kumkuta tena akiwa na tisa, aliulizwa jina la kitu kwenye picha ambacho hajapata kukiona, akanyamaza. Kunyamaza kukaandikwa kuwa upungufu. Mwaka 1971 mwalimu kijana kutoka Grenada, Bernard Coard, alitoa kijitabu kilichoeleza jinsi watoto hao walivyokuwa wakisukumwa kwenye shule za wanaoitwa wenye upungufu wa akili kielimu. Takwimu alizichukua kwa wenye shule wenyewe: mwaka 1967 jijini London watoto wa wahamiaji walikuwa kama asilimia 15 katika shule za kawaida, lakini asilimia 28 katika hizo nyingine, na robo tatu ya hao asilimia 28 walitoka Karibi, ingawa katika shule za kawaida walikuwa nusu tu ya watoto wa wahamiaji.

Kuna bibi mmoja kwenye nyumba ninayofanyia kazi, Mbarbados, alikuwa msaidizi hospitalini miaka thelathini. Jina silitaji. Usiku akikosa usingizi huongea. Nilimwonyesha kitabu cha binti yangu, akaniambia kuhusu mwanawe wa kwanza. Barua ilikuja kutoka shuleni kwamba mtoto amepata nafasi katika shule maalumu. Basi dogo litakuja kumchukua mlangoni kila asubuhi. Alipiga pasi shati la mtoto, akaenda kanisani kutoa shukrani. Miaka miwili baadaye ndipo mtu wa mtaani alipomweleza ile ni shule ya namna gani.

"Neno lilikuwa zuri," aliniambia. Akasema tena, "Neno lilikuwa zuri sana."

Nilitoka nikasimama kwenye korido. Maana mimi ni Mtanzania. Kwetu ukiambiwa mtoto wako amechaguliwa shule ya vipaji maalumu, yaani Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, unachinja mbuzi. Ningeletewa barua ile na mimi ningepiga pasi shati.

Na kwa kweli niliipiga, ila kwa namna yangu. Kifungua mimba wangu alinifuata huku akiwa na miaka tisa, Kiingereza chake cha shule ya msingi ya Korogwe, hesabu zake nzuri kabisa. Walimkalisha meza ya wanaosaidiwa. Akakaa hapo. Alipofika kidato cha mtihani nilipewa fomu nisaini kwamba atafanya hisabati ngazi ya chini, "ili ajiamini." Nilisaini nikitabasamu, nikamshukuru mwalimu kwa kumjali mwanangu. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikujua kuuliza, kwamba katika ngazi ile hata ukijibu yote na kupata yote huwezi kuvuka daraja la 5, wakati ngazi ya juu inafika 9. Paa lilikuwa limeshajengwa nami nikiwa nasifia kuta. Shule siitaji, na mwalimu yule sidhani alikuwa mtu mbaya. Lakini nikimsoma Enid anavyowaheshimu wenye mamlaka, nauona uso wangu siku ile, na lile neno la penseli la binti yangu linanichoma mimi.

Wakaribi hawakukaa tu. Mwaka 1969 John La Rose, Mtrinidad mwenye duka la vitabu kaskazini mwa London, alianzisha shule ya ziada aliyoiita kwa jina la George Padmore, Mtrinidad mwenziwe aliyekuja kuwa mshauri wa Nkrumah. Zikaota nyingine nyingi: Jumamosi, sebuleni kwa watu, makanisani. Hesabu, kusoma, na historia ambayo shule ya Jumatatu haikuwa nayo. Sisi Waswahili wa mji huu tulijaribu ya kwetu, darasa la Kiswahili la Jumamosi katika ukumbi wa jumuiya. Lilidumu mihula miwili. Jumamosi ni zamu zenye malipo mazuri, na walimu tulikuwa ni sisi haohao. Ngano tulifika mbili, methali labda kumi na tano.

Katika tamthilia, shule ya Jumamosi ni Brod. Ndiye anayewaambia wasichana juu ya Jamaika, juu ya Wamaroon waliokataa utumwa wakajificha milimani. Na ana sababu ya kuwa na uchungu. Alikuja akiwa raia, amezaliwa chini ya bendera ya Uingereza, halafu sheria ya uraia ya 1981 ikamgeuza mtu wa kuomba: ajiandikishe, alipe, athibitishe. Mlango wa kujiandikisha kwa watu kama yeye ulifungwa mwisho wa 1987, mwaka uleule tamthilia ilipozaliwa. Nawaza wale waliokaa ukumbini Liverpool, wangapi walikuwa na fomu hiyo mezani nyumbani. Na ukumbi wa Bush ulipoirudisha mwaka 2018, wiki chache tu kabla yake nchi nzima ilikuwa imejua kwamba wazee wa kizazi cha Windrush wananyimwa matibabu, wanafukuzwa kazi na wengine kurudishwa visiwani kwa kukosa karatasi, hadi waziri wa mambo ya ndani akajiuzulu. Maneno ya Brod hayakuhitaji kubadilishwa.

Brod pia anawasimulia kuhusu mtu anayeitwa Gullyman. Huyu alikuja akaamua kuwa Mwingereza kamili, akaitupa lugha yake, akajitenga na wenzake, na akili ikamruka. Ni kisa kifupi, lakini nadhani ndiyo hofu kubwa ya tamthilia nzima, na ni hofu ya elimu. Kwa maana Gullyman alifuzu. Alijifunza somo lote walilomfundisha.

Viv yuko njiani kuelekea huko na analijua hilo. Hapa Pinnock alinishangaza, maana nilitarajia mtoto wa vitabu awe ndiye ushindi wa mama. Viv anavipenda vitabu kweli, si unafiki, lakini anafika mahali anaona kwamba vyote alivyovimeza havina mtu wa kwao hata mmoja, na ule mtihani wenyewe anaanza kuutilia shaka. Hajashindwa kujibu. Anajiuliza anamjibu nani. Mwalimu wa binti yangu anataka waandike kwamba Viv "ana mgogoro wa utambulisho." Sawa, wapate alama zao. Mimi naona msichana aliyechoka kuwa risiti. Kila alama anayopata ni uthibitisho kwamba mama yake hakukosea kupanda ndege. Mzigo huo mtoto haambiwi kwa maneno. Anaambiwa kwa chakula anachopakuliwa kwanza, kwa chumba chenye joto usiku wa mitihani, kwa "mwacheni anasoma."

Na Del? Kwa miaka mingi watu wamemwona ndiye aliyepotea. Lakini tazama anachofanya akiwa kwa Mai. Mwanzoni anakwenda kujificha tu. Polepole anaanza kujifunza: kusikiliza wateja, kutazama mikono yao, kujua lini mtu anataka dawa na lini anataka kusikilizwa. Mai mzee, mgonjwa, hana wa kumwachia kazi. Ni uanagenzi. Kwetu ungesema amepewa mkoba. Enid mwenyewe, mtu wa kanisa na mchungaji, ndiye aliyewapeleka mabinti kwa Mai mwanzo wa mchezo, kwa siri, kama wanavyokwenda watu wa kwetu tunaowajua ambao Jumapili wanakaa viti vya mbele. Obeah ilipigwa marufuku Jamaika tangu 1760, baada ya maasi ya watumwa yaliyoongozwa na Tacky, kwa sababu wenye mashamba waliona waganga ndio waliowatia watu moyo. Waingereza hawahawa wakaja kutuwekea sisi sheria ya uchawi Tanganyika mwaka 1928. Kwa hiyo ipo elimu iliyopewa cheti na ipo iliyopewa kifungo, na Del amejikuta akisoma hii ya pili.

Sitaki kuipamba. Mimi si mtu wa waganga, na mwanangu angehamia kwa mpiga ramli ningelia. Nachosema ni kwamba mwandishi amempa Del, sio Viv, kazi ya mwisho. Ni Del anayeshika kiganja cha mama yake na kukisoma. Mama aliyeishi akitaka wanawe wasome, anasomwa yeye, na asiyependa vitabu.

Nilipofika hapo nilimkumbuka kifungua mimba wangu. Baada ya lile daraja la 5 alikwenda chuo cha ufundi na sasa ni fundi umeme. Anapata zaidi yangu, na anafurahia kazi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Korogwe nimewaambia anasomea uinjinia. Mwaka wa nne sasa anasomea uinjinia. Mjomba aliuliza atahitimu lini, nikasema kozi za huku ni ndefu. Yeye mwenyewe anajua, na hucheka, lakini siku moja hakucheka. Aliniuliza, "Mama, umeme una ubaya gani?" Nikamjibu hauna ubaya wowote. Akasema, "Basi waambie." Sijawaambia. Huenda watasoma hapa.

Iwapo mtu anataka kuona upande mkali wa jambo hili asome pia Elmina's Kitchen ya Kwame Kwei-Armah, ya mwaka 2003, juu ya mkahawa wa chakula cha Karibi huko Hackney. Huko ni baba, Deli, anayempigania mwanawe Ashley abaki chuoni, na kijana anamwona baba ni mnyonge, anamtamani mhuni mwenye fedha na gari. Mwisho wake ni risasi. Ni kazi nzuri, ila niliimaliza nikiwa nimefunga mlango wa chumba. Katika tamthilia ile, anayemtaka mtoto asome anaonekana mjinga kwa mtoto kwa sababu mtaa unalipa haraka kuliko cheti. Kwa Pinnock mtaa uko mbali. Vita viko mezani, kati ya watu wanaopendana.

Nilikirudisha kitabu juu ya meza, bila bakuli. Binti yangu akaniambia nimekikunja kona. Nikamwambia wewe umekimwagia uji. Kisha nikamwuliza swali nililokuwa nalo tangu kwenye basi: ile hela ambayo Enid hakuituma, unadhani ilikwenda wapi?

Akafikiri. "Kodi?"

"Na nini tena?"

"Chakula. Umeme." Akanyamaza. Si mjinga huyu. "Vitu vya Viv."

Sikusema zaidi. Yeye ndiye aliyeuliza, siku mbili baadaye, akiwa anavaa viatu, kwamba tuisheni yake ni kiasi gani kwa mwezi na upasuaji wa jicho la bibi ulikuwa kiasi gani. Nikamwambia yote mawili. Alipiga hesabu kwa kichwa, haraka, bila simu. Angalau hisabati imeingia. Hakuniomba msamaha na sikutaka aombe. Alisema tu, kwa Kiingereza, kwamba hilo halimo kwenye jedwali.

Jicho la pili lilifanyiwa Machi. Jumapili iliyofuata tulimpigia mama kwa video. Alisogeza uso hadi tukaona pua tu, akamwambia mjukuu asimame arudi nyuma amwone vizuri, akasema amekonda. Akauliza lile swali lake la kila siku. Binti yangu akasema anasoma, Bibi, na akainua kitabu. Mama akataka asomewe. Nikasema Mama, ni Kiingereza hicho, tena cha Kijamaika. Akasema asome, mimi nataka kuona akisoma.

Basi akasoma, amesimama katikati ya jikoni, mistari ya Enid kwa sauti ya Enid, mkono kiunoni, akijitahidi lafudhi ya Barbados, kama ya yule bibi wa kazini kwangu, ambayo kwa kweli si ya Jamaika. Alisoma ukurasa mzima wa Enid akigombana na Del. Kule Korogwe mama alisikiliza, macho yote mawili wazi, haelewi hata neno. Ilipokwisha alicheka hadi simu ikatetemeka.

"Huyo mama," akasema, "anagomba kama wewe."